Kitanda Usichokilalia: Wagonjwa wa Viungo Waachwe Waseme



Mwinjili Luka, katika sura ya 13, anatusimulia habari za mwanamke aliyepinda mgongo kwa muda wa miaka 18, asiweze kabisa kujinyosha. Siku ya Sabato alikuwamo katika sinagogi ambamo Yezu alikuwa akifundisha. Yaliyofuata tunayajua: Yezu alimwona, akamwita, akamwekea mikono, naye akasimama wima akimtukuza Mungu. Swali tusilolizoea ni hili: katika miaka ile yote, watu wa sinagogi walimfanyia nini? Luka hatuambii kwamba walifanya lolote. Na alipoponywa mbele ya macho yao, mkuu wa sinagogi hakushukuru. Alikasirika, kwa kuwa kwake yeye siku ya kuponywa haikuwa ile.

Tunaandika tafakari hii kwa sababu sinagogi ile inafanana mno na parokia zetu. Karibu katika kila shirika letu yuko mama asiyeweza kufunga kitenge chake asubuhi bila kusaidiwa na mtoto. Yuko baba aliyeacha kuhudhuria sala ya shirika kwa kuwa nyumba ya sala iko juu ya kilima, na magoti yake hayapandi tena. Yuko msichana wa miaka 14 anayechechemea, na wenzake humwita mvivu. Sote tunawaona, na tumewazoea.

Neno letu la leo ni kali. Tunaomba mlipokee kama neno la ndugu. Tunasema kwamba ujuzi juu ya magonjwa ya viungo umefungiwa mbali na wale wanaouhitaji, na kwamba sisi Wakristo tumo miongoni mwa waliotia kufuli. Umefungiwa katika Kifaransa cha karatasi za hospitali, katika aibu, katika shutuma za uchawi, na hata katika mahubiri yetu juu ya msalaba. Tunadai ufunguliwe. Na tunadai kwamba wa kwanza kusema wawe wale wanaoumia.

Karatasi ya Kifaransa

Mama mmoja wa shirika letu ametukubalia tusimulie habari zake bila kumtaja jina. Aliugua mikono kwa miaka 3 kabla ya kupata jina la ugonjwa wake. Vidole vya mikono yote miwili vilivimba, na kila asubuhi vilikuwa vigumu kama mti mkavu mpaka jua lipande. Mwishowe, katika hospitali ya mbali, aliambiwa kwa haraka kwamba ana poliartriti, akapewa vidonge. Juu ya kifuko cha dawa paliandikwa kwa kifupi: « 1 fois/sem. » Mama hasomi Kifaransa. Alijua tu kwamba dawa humezwa kila siku, kama alivyozoea tangu utoto. Akameza kila siku.

Siku ya sita kinywa chake kilijaa vidonda, akashindwa hata kunywa uji. Binti yake, mwimbaji wa kwaya ya vijana, ndiye aliyekitazama kile kifuko na kuelewa: dawa ile, methotrekseti, humezwa mara moja tu kwa juma. Ikimezwa kila siku huharibu uboho na ini, na inaweza kuua. Mama alirudishwa hospitalini upesi, na kwa neema ya Mungu akapona sumu ile.

Hatusimulii haya ili kumshitaki muuguzi yeyote. Wauguzi wetu ni wachache, wagonjwa ni wengi, na mishahara tunaijua. Tunasimulia ili kujishitaki wenyewe. Katika parokia ile ile walikuwako mama wengine wawili waliokuwa wakimeza dawa hiyo kwa miaka kadhaa. Mmoja huimeza Jumapili jioni baada ya Misa, ili asisahau siku. Mwingine hufunga uzi mwekundu kwenye kalenda ya jimbo. Neno moja kutoka kwao lingetosha. Hawakuulizwa, nao hawakusema, kwa kuwa kwetu mwenye vidole vilivyopinda huvificha chini ya kitenge.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama wale wawili walikilalia kitanda. Walijua kunguni walipo. Sisi tuliwaacha wakae na ujuzi wao kimya, na mwenzao akaingia gizani peke yake.

Jina moja, magonjwa mengi

Nyumbani tunasema « rumatizimu », na vitabu vya Kiswahili husema « baridi yabisi ». Neno moja hilo limefunika magonjwa mengi mno. Waganga wanahesabu zaidi ya aina 100. Kijana anayetaka kusaidia lazima azijue angalau zile chache zinazokutana nasi mara nyingi.

Ipo artrozi, yaani kuchakaa kwa kiungo: ule utando laini unaofunika ncha za mifupa huliwa kidogo kidogo, hasa katika magoti, nyonga, mgongo na vidole. Huongezeka kwa umri, kwa uzito wa mwili, kwa majeraha ya zamani na kwa kazi za kubeba na kuinama. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani waliishi nayo.

Ipo poliartriti, ambayo ni jambo jingine kabisa. Hapo jeshi la mwili linalopaswa kupigana na viini vya magonjwa linageuka na kuvishambulia viungo vyenyewe. Watu wapatao milioni 18 waliishi nayo mwaka 2019, na karibu 7 kati ya 10 ni wanawake. Huanza mara nyingi katika viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili, pamoja na uchovu mkubwa na ugumu wa asubuhi unaozidi nusu saa. Inaweza kumpata mwanamke wa miaka 30 mwenye mtoto mgongoni. Isipotibiwa mapema, hula mifupa, na kilicholiwa hakirudi.

Ipo jongo, ambayo wengine huiita guti: chumvi ya asidi ya yuriki hujikusanya katika kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu, nacho huwaka usiku kama kaa la moto. Upo ugonjwa wa viungo wa watoto, unaoanza kabla ya miaka 16. Yapo pia maumivu ya mifupa ya watoto wa SS, ambayo si baridi yabisi ingawa watu huyachanganya. Na ipo homa ya rumatizimu, inayofuata maumivu ya koo yasiyotibiwa: viungo vya mtoto huvimba kimoja baada ya kingine, kisha hupona, na wazazi wanafurahi, kumbe ugonjwa umekwisha kuushika moyo. Penisilini inayotolewa kwa wakati huweza kuuzuia.

Kwa nini tunayataja haya katika ukurasa wa tafakari? Kwa sababu asiyejua tofauti hizi atamkanda kwa nguvu mtoto ambaye moyo wake unaumia, na atamwambia mwanamke wa miaka 30 kwamba amezeeka.

Uongo mnne tunaoukataa

Uongo wa kwanza ni huu: « Ni uzee tu. » Tumekwisha kuona kwamba si kweli. Na hata pale ambapo ni uzee, tangu lini uzee umekuwa sababu ya kutomsaidia mtu? Goti lenye artrozi halihukumiwi kukaa kitini mpaka kaburini. Waganga wanakubaliana kwamba kutembea kwa kiasi na kuimarisha misuli ya paja hupunguza maumivu. Anayemwambia mzee « pumzika tu, usisogee » anamfanya kuwa mlemavu kwa huruma.

Uongo wa pili: « Amelogwa », au kibaya zaidi, « Yeye ndiye mchawi, angalia vidole vyake. » Vijana, sikieni vizuri. Vidole vinapinda kwa sababu mishipa inayoshika viungo imelegea kutokana na ugonjwa. Hakuna usiku alipokwenda mama huyo isipokuwa kitandani kwake, alipolia. Wako watakaotukumbusha kwamba Luka anamtaja Shetani aliyemfunga yule mwanamke wa sinagogi. Ni kweli anamtaja. Lakini tazameni Yezu anavyofanya: hamshitaki mwanamke, hamtafuti jirani wala shangazi wa kulaumiwa, wala hadai pesa. Anamwita binti wa Abrahamu mbele ya watu wote. Na katika Yoane sura ya 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, Yezu alikataa swali lenyewe. Anayemtafuta mchawi nyuma ya kila kiungo kilichovimba, anauliza tena swali ambalo Bwana alilikataa.

Uongo wa tatu ni wa kwetu, nao unavaa nguo za kanisa: « Ni msalaba wako, ubebe, unyamaze. » Sisi tunaamini kwamba mateso yaliyounganishwa na ya Kristu yana thamani. Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika juu ya jambo hilo barua nzima, Salvifici Doloris, tarehe 11 Februari 1984. Lakini barua hiyo haiishii hapo: sehemu yake ya mwisho inamweka mbele yetu Msamaria Mwema, na kutufundisha kwamba hakuna ruhusa ya kupita kando. Msalaba wa mwenzako ni wito kwako wa kuwa Simoni wa Kirene. Anayehubiri msalaba kwa mgonjwa huku yeye mwenyewe akikataa kuugusa, amechukua nafasi ya askari, hajachukua ya Simoni. Na kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatuagiza kumheshimu mganga na kutoidharau dawa, kwa maana zote mbili zatoka kwa Mungu. Kusali na kumeza dawa havijawahi kugombana katika Kanisa Katoliki.

Uongo wa nne unauzwa sokoni kwa vifuko vidogo visivyo na jina: unga au vidonge vinavyoondoa maumivu « siku hiyo hiyo ». Mara nyingine ni kweli yanaondoka, kwa sababu ndani yake pamefichwa deksametazoni au prednizoni. Hizo ni dawa zenye nguvu ambazo daktari huzitumia kwa kipimo na kwa kulinda. Zikimezwa miezi mingi bila kujua, uso hujaa kama mwezi, sukari na shinikizo la damu hupanda, mifupa hudhoofika, mwili hushindwa kujikinga. Na mtu akiziacha ghafla anaweza kuanguka. Hata diklofenaki na ibuprofeni, zinazouzwa kama karanga, zikizidi hutoboa tumbo na kuumiza figo.

Hapa tunamkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mtumishi wa forodha, aliyetangazwa Mwenye Heri Roma tarehe 15 Juni 2025. Aliuawa mwaka 2007 akiwa na miaka 26, kwa sababu alikataa rushwa ya kuachia chakula kilichoharibika kiingie na kuliwa na watu. Tunawauliza ninyi mnaoliomba jina lake: mtakaa kimya sumu nyingine ikiuzwa mlangoni mwa kanisa baada ya Misa?

Wanayoyajua wanaoumia

Tulifanya jambo dogo. Tuliwakusanya wagonjwa wa viungo wa mashirika yetu, tukawauliza swali ambalo Yezu alimwuliza Bartimayo, yule kipofu wa Yeriko: wataka nikufanyie nini? Yezu hakuwa mjinga. Alimwona kuwa kipofu. Hata hivyo aliuliza, na kumpa maskini yule heshima ya kusema haja yake. Sisi kwa miaka mingi tuliwapelekea wagonjwa sabuni na sukari bila kuuliza. Tulipouliza, hakuna aliyetaja sukari.

Mama mmoja alisema: « Njooni mnitwangie sombe. Mchi unaniua. » Mwingine: « Wakati wa amani, msinibane mkono. » Tulishtuka. Katika Misa yetu ya Kongo, kwa mujibu wa Misale iliyokubaliwa mwaka 1988, amani hutolewa baada ya toba, nasi huisherehekea kwa nguvu na kwa furaha. Kumbe furaha yetu ilikuwa ikimtoa machozi mwenye poliartriti, hata akaanza kuchelewa Misa kwa makusudi, na watu wakasema ana kiburi. Tangu siku hiyo tunaweka kiganja kifuani na kuinama mbele yake.

Mzee mmoja aliona haya kusimama wakati wa konsekrasio wakati wengine wamepiga magoti, hivyo alipiga magoti akiumia, kisha akashindwa kuinuka mpaka anyanyuliwe. Hakuna aliyemwambia kwamba Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 43, yanamruhusu asimame kwa sababu ya afya, na ainame kwa heshima padri apigapo goti. Sheria ya Kanisa ilikuwa na huruma kuliko macho yetu.

Kisha wakaanza kufundishana, nasi tukaandika. Asubuhi, kabla ya kazi, loweka mikono katika maji ya vuguvugu na kuifungua na kuifumba taratibu. Zungushia kitambaa kwenye mpini wa kisu na wa jembe, upate unene, kwa maana mpini mwembamba hudai vidole vikaze zaidi. Usibebe bidoni moja ya lita 20; beba mbili ndogo kwa safari mbili, na uziegemeze kwenye kigasha kuliko kuzining'iniza kwa vidole. Keti kwenye kiti cha juu kidogo, maana kigoda cha chini ni adui wa goti. Ukiwa umeketi, nyosha mguu mmoja mbele, ukaze paja, hesabu mpaka 5, uushushe. Fanya mara 10 kwa kila mguu. Kiungo kikivimba na kuwa na moto, kipumzishe na usikikande kwa nguvu. Moto ukitulia, kirudishe kazini polepole. Gawa kazi ya siku, usimalize yote katika asubuhi moja njema, kwani kesho italipa. Na mmoja akaonyesha rozari yake: kamba nene yenye mafundo makubwa aliyoifunga mwanawe, kwa kuwa punje ndogo zilikuwa zikimponyoka.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji shahada. Yote yalihitaji mtu wa kuuliza na mtu wa kuandika kwa lugha ya nyumbani.

Tusidhani kwamba huu ni ujuzi wa maskini wasio na njia nyingine. Nchini Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, muuguzi Kate Lorig alianzisha, mwishoni mwa miaka ya 1970, mafunzo kwa watu wenye magonjwa ya viungo, yakiongozwa na watu wa kawaida, wengi wao wakiwa wagonjwa wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba baada ya miaka 4 maumivu ya washiriki yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20, na safari zao za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40, ijapokuwa ugonjwa wenyewe uliendelea kupunguza nguvu za viungo vyao. Viungo viliendelea kuharibika, lakini wenye viungo walipata amri juu ya maisha yao.

Wanaotupinga

Wengine wanatuambia: « Nchi iko vitani. Kuna malaria, kuna kipindupindu, kuna wakimbizi. Nani ana muda wa magoti? » Tunawajibu kwa jambo ambalo kila mmoja wenu amelishuhudia au amelisikia. Risasi zinapolia na kijiji kikikimbia, ni nani anayeachwa nyuma? Ni yule asiyeweza kutembea. Mwenye vita mlangoni ndiye anayehitaji magoti kuliko watu wote. Kumsaidia mama aimarishe miguu yake leo ni kumpa nafasi ya kuishi kesho.

Wengine wanasema: « Wagonjwa wakiachwa waseme, wataeneza uvumi. » Hofu hiyo tunaiheshimu, lakini watazame uvumi ulipo sasa. Unaenea katika ukimya wetu, kwa sababu muuza unga hakuogopa kusema. Ndiyo maana tumejiwekea kanuni 4. Mosi, kila mtu husimulia yaliyompata yeye, na husema wazi kuwa ni yake. Pili, hakuna anayempa mwenzake kidonge chake wala kumshauri aache dawa ya daktari. Tatu, kila kinachoandikwa husomwa kwanza na muuguzi au daktari wa kituo chetu cha afya. Nne, hakuna kinachouzwa katika mkutano, na siri ya mtu haitoki nje.

Wengine, nao tunawaelewa zaidi, wanauliza: « Kuna faida gani kumweleza mtu habari za dawa ambazo hazipatikani kijijini, au ambazo bei yake hawezi? » Tunajibu kwamba kujua jina la ugonjwa wako ni ukombozi hata kabla ya dawa: anayejua hamshitaki tena jirani yake, wala hauzi mbuzi wake kwa ajili ya unga wa sokoni. Tena, methotrekseti imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Hatuombi anasa. Majimbo yetu yana ofisi za huduma za afya, na Kanisa linaendesha sehemu kubwa ya vituo vya nchi hii. Wagonjwa wakijulikana idadi yao na wakisema kwa sauti moja, wataweza kubisha hodi mlangoni. Ugonjwa usiotajwa hauagiziwi dawa.

Kazi yenu, vijana

Tumewaandikia ninyi kwa makusudi. Mnasoma Kifaransa cha hospitali na mnaongea Kiswahili cha jikoni. Ninyi ndio daraja. Wale watu wanne katika Injili ya Marko walipandisha mgonjwa juu ya paa kwa kuwa mlango ulijaa watu. Milango yetu imejaa Kifaransa, aibu na maneno ya uchawi. Pandeni paa.

Kila kundi, liwe la Kizito-Anuarite, la Xaveri au la kwaya, lichague nyumba za wagonjwa wa viungo katika mashirika yake. Muwasalimie kwa heshima, « shikamoo mama, shikamoo baba », muketi, muulize, musikilize mpaka mwisho. Waombeni wawaonyeshe vifuko vya dawa, mviandike upya kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, kwa herufi kubwa. Na pale msipoelewa, mpeleke swali kwa muuguzi, msibahatishe.

Jifunzeni pia ishara zisizongoja. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye moto, pamoja na homa: hospitali siku hiyo hiyo, kwa maana usaha huharibu kiungo kwa siku chache. Mtoto ambaye maumivu yake yanahama kutoka kiungo hadi kiungo baada ya kuumwa koo: hospitali. Choo cheusi kama lami kwa anayemeza vidonge vya maumivu: hospitali. Mwanamke anayemeza methotrekseti na anayetaka kupata mimba, au anayehisi amekwisha kuipata: amwone daktari mara moja, kwa maana dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni. Ugumu wa asubuhi unaozidi nusu saa na viungo vilivyovimba kwa majuma 6: asiambiwe tena kwamba ni baridi ya usiku.

Tarehe 12 Oktoba dunia huadhimisha siku ya magonjwa ya viungo, nasi tumo katikati ya mwezi wa Rozari. Tunapendekeza kwamba siku hiyo, baada ya sala, kiti cha mbele apewe mgonjwa, na asiombewe tu: apewe neno. Aseme anachojua, nasi tusikilize kama tunavyomsikiliza mhubiri. Na ifikapo tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Ulimwenguni, tuhesabu mbele ya altare ni mama wangapi waliotwangiwa sombe, na ni vifuko vingapi vya dawa vinavyosomeka.

Mwanamke wa sinagogi alinyoka kwa sababu mtu mmoja alimwona akamwita aje katikati. Sisi hatuna uwezo wa kunyosha migongo. Kuita tunaweza.

Tumsifu Yezu Kristu.

Maswali ya kundi

Katika shirika lenu, ni nani mwenye maumivu ya viungo ambaye hamjawahi kumwuliza anahitaji nini?

Ni maneno gani juu ya ugonjwa huu mmeyasikia nyumbani au sokoni, na ni nani aliyeumizwa nayo?

Juma hili, ni karatasi ipi ya dawa mtakayoisoma pamoja na mwenyewe, kwa lugha anayoielewa?